Homa ya Bwawa la Daktari Wadhams

Kila asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe na kunywa uji wa mahindi, Keziah Wadhams, binti wa miaka kumi na miwili, alibeba kikapu cha dawa na kumfuata baba yake kwa wagonjwa. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya uhuru wa Marekani, katika mji mdogo wa Harrow, Connecticut. Daktari Asahel Wadhams alitibu watu, alimiliki kinu cha kupasulia mbao, na sasa aliomba kura aingie katika baraza la jimbo. Watu walimhitaji kwa mengi na hawakumpenda kwa lolote.

Tangu alipozuia kijito ili kinu kipate maji, homa ya kutetemeka iliingia kila nyumba ya bondeni. Watu walilaumu harufu ya matope. Mbu hawakushukiwa na yeyote. Walikosea sababu, lakini bwawa hawakulikosea.

"Asubuhi unatuletea homa, jioni unatuuzia dawa yake," Bi Submit Pardee alimwambia daktari mlangoni. Ndani, mwanawe mdogo alitetemeka chini ya mablanketi. "Bwawa hilo likibaki, nitamzika huyu kama nilivyomzika dada yake."

"Homa imeletwa na wasafiri, mama. Mpe unga huu wa gome la mkwinini, utaishusha."

"Wasafiri! Mbona hawakuileta kabla ya bwawa lako?"

Siku ya mkutano wa mji, wanaume walikusanyika kanisani kuamua kama bwawa livunjwe. Wanawake na watoto, Keziah akiwemo, walikaa nyuma. Wanawake hawakuwa na kura. Walikuwa na sauti.

"Nyumba yangu iko karibu na bwawa kuliko zenu zote," alisema daktari. "Kuna mgonjwa kwangu? Hakuna hata mmoja!"

Vichwa vilianza kutikisika kwa kukubali.

"We Keziah!" Bi Pardee alipaza sauti. "Wakati wa homa huwa mnalala wapi?"

"Mama, keti!" mwenyekiti alifoka.

"Nitaketi akinijibu."

Daktari alimkazia binti yake macho. Keziah alimkumbuka yule mtoto chini ya mablanketi.

"Kwa bibi, kilimani," alisema. "Baba hutuhamisha kila mwaka kabla homa haijaanza."

Kanisa lote lililipuka. "Mwongo!" "Kalale wewe bwawani, tuone!" Wakaamua bwawa livunjwe. Kura ya baraza la jimbo alipewa mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata, baba na binti walisimama penye lango la bwawa.

"Umenikasirikia, baba?"

"Sana." Daktari aling'oa ubao wa kwanza. "Lakini nisikilize. Kama daktari, nilijua. Ndiyo maana niliwahamisha ninyi. Kama mwenye kinu, nilinyamaza. Kama mwomba kura, nikadanganya. Ukijua jambo linalowaua watu, liseme, hata kama atakayeumbuka ni baba yako. Haya, vuta huo."

Maji yakaanza kuondoka. Mwaka uliofuata homa haikurudi bondeni, na mtoto wa Bi Pardee alikimbiza kuku uani. Mama yake hakumshukuru daktari, wala daktari hakutarajia.