Unga Usiotoka Mpakani

Floribert na mke wake Albertine wanaishi Annexe, pembeni ya Lubumbashi. Wana shamba la mahindi nyuma ya nyumba, na mtoto mmoja, Mapalo, wa miaka minne.

Kila mwaka walivuna. Kila mwaka mahindi yaliota ukungu ndani ya magunia. Basi walinunua unga kutoka Zambia, kama jirani zao wengi.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, mpaka ulifungwa. Malori hayakupita, na unga ukapotea sokoni. Siku ya nne Albertine alipika uji mwepesi kama maji. Mapalo aliunywa, akaulizia ugali, "Mama, bukari iko wapi?"

Albertine aligeuza uso, akafuta machozi kwa kitenge.

"Baba yangu alitumika ku mine, kuchimba shaba," alisema Floribert. "Unga, samaki, yote kampuni njo ilitoa. Sasa tunangojea nani?"

Jirani yao Cathy, agronome, yaani mtaalamu wa kilimo, alikuwa amewaletea maharagwe. Alikaa karibu na Albertine, akamshika mkono.

"Papa Mapalo, tulipata indépendance zamani. Bendera iko yetu. Lakini chakula yetu iko mu mikono ya bengine. Bakifunga mulango, tunalala njala. Inchi yenye haijilishe, uhuru yake haiyatimia. Tuanze na magunia yenu."

"Mahindi yetu inaozaka," alisema Albertine.

"Munaifunga ikingali na maji. Mukivuna, muniite."

Mwezi wa tano walimwita. Walianika punje juu ya turubai. Baada ya siku chache Floribert alitaka kuzifunga. Cathy akatia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, akatikisa, wakangoja kidogo. Chumvi ilinata kwenye kioo cha chupa.

"Muone. Iko na maji bado."

Wakaanika tena. Chumvi ilipoacha kunata, walijaza magunia, wakayapanga juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mwaka huu mpaka ulifungwa tena. Albertine alipeleka mahindi yake kwenye mashine ya kusaga, akarudi na unga mweupe, akasonga bukari.

Floribert alikata tonge la kwanza. Hakulila. Alimtilia mkewe mdomoni.

"Kula, Mama Mapalo. Mwaka jana ulisema kila siku umeshiba. Nilijua unadanganya."

Albertine alitafuna polepole, akimtazama.

"Kata ingine," alisema. "Leo sitadanganya."