Maneno Ambayo Padre Hakuyasema

Kila Jumamosi asubuhi, akishafua sare yake na kuianika, Redio aligeuka kuwa msaidizi wa baba yake. Baba alikuwa fundi wa maandishi. Aliandika vibao vya maduka, vya vinyozi, hata vile vya kuwakataza watu kukojoa ukutani. Redio alishika uzi uliopakwa chaki na kuuvuta mpaka ukakaza, kisha baba aliuachia ugonge ukuta na kuacha mstari ulionyooka. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyempa, ilikuwa kupiga domo. Alianza kopo la rangi likifunguliwa na hakunyamaza mpaka brashi zioshwe. Ndiyo maana darasa zima la sita lilimwita Redio, na mama yake naye alimwita hivyo hivyo akiwa na haraka.

Jumamosi hii Redio hakusema neno.

"Leo betri zimekwisha?" baba alimtania kutoka juu ya ngazi.

"Kichwa kinaniuma, baba."

Walikuwa shuleni, mbele ya ukuta unaotazama lango. Padre aliyeianzisha shule hiyo na kufundisha humo mpaka nguvu zikamwishia alikuwa amezikwa wiki mbili zilizopita. Kesho yake ingesomwa Misa ya kumwombea, na wageni wakitoka kanisani wangekuja kuyaona maneno yake ya mwisho, yameandikwa kwa herufi kubwa za buluu: KAZI YANGU NIMEIMALIZA. KWAHERINI, WANANGU.

"Ajabu kweli," baba alisema huku akiizungusha brashi kwenye herufi ya mwisho. "Mtu wa 'bado' kusema amemaliza! Lakini labda mtu akifika mwisho husema mengine."

Redio aliinama, akauviringa uzi wa chaki.

Padre hakupenda neno "sijui" likae peke yake. Mtoto akisema, "Sijui, Padre," yeye aliweka kiganja sikioni akajifanya kiziwi, mpaka mtoto aongeze, "Sijui bado." Akisema, "Siwezi kugawanya," aliulizwa, "Huwezi nini?" hadi ajibu, "Siwezi bado." Hapo Padre alisugua mikono yake kwa furaha, akasema, "Haya, sasa tunaweza kuanza." Watoto wakambandika jina la Padre Bado. Alipolisikia alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Alipougua, mama yake Redio alimpikia supu, na kila jioni Redio aliipeleka parokiani kwenye chupa ya chai. Angekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, amhadithie vituko vyote vya darasani, na kutia chumvi kidogo pale palipopooza. Jioni ya mwisho aliwakuta wenzake wakiruka kamba nje ya lango la parokia. Alimwachia mlinzi chupa, akamwambia, "Mpelekee Padre, mimi nina haraka," kisha akaingia kwenye kamba.

Alfajiri kengele ya kanisa ililia. Mama alimshika mabega huku machozi yakimtoka. "Mwanangu, wewe ndiye uliyemwona jana. Alikwambia nini?"

Redio alitaka kusema kwamba hakuingia. Aliona haya. Akayatamka maneno ambayo alidhani watu wakubwa huyasema wakikaribia kufa. Mama akamwambia jirani, jirani akamwambia katekista, na siku ya mazishi maneno hayo yakasomwa kanisani, watu wakaangua kilio. Tangu siku hiyo hakujua angeyarudishaje mdomoni.

Baba alikuwa akishuka kwenye ngazi wakati kijana mmoja alipoingia langoni, kitabu kilichofunikwa kwa gazeti kikiwa kwapani. Alikuwa Kobe, wa darasa lile lile la sita. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu ya usomaji wake wa polepole. Padre alibaki naye kila siku baada ya masomo, na kutoka kwenye silabi alikuwa amemfikisha kwenye sentensi nzima. Tangu mazishi Kobe hakuonekana shuleni.

Alisimama mbele ya ukuta, akaanza kusoma kwa sauti. "Ka-zi ya-ngu ni-me-i... nimei... nimeimaliza."

Redio hakuwahi kuyasikia maneno yake yakisomwa polepole namna ile. Kila silabi ilimchoma.

"Umesoma vizuri, kijana," baba alimsifu.

"Asante, mzee. Shikamoo." Kobe hakutabasamu. "Narudisha kitabu kwa Sista. Nilikuwa nimefika katikati. Nilifikiri Padre amemwachia mtu anifundishe nusu iliyobaki. Lakini kama mwenyewe alisema amemaliza, basi aliona pale ndipo nilipoishia. Mjomba ameshanipa ovaroli la gereji. Shule basi."

Alikwenda ofisini kwa Sista, mwalimu mkuu. Muda si muda alitoka mikono mitupu, akapita langoni bila kugeuka nyuma.

"Baba," Redio alisema. "Padre hakusema hivyo. Sikuingia kwake. Niliacha supu kwa mlinzi nikaenda kucheza. Maneno haya nimeyatunga mimi."

Baba hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alizitazama zile herufi, kazi ya siku mbili, kisha akaitazama brashi mkononi mwake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Yaani nimepaka uongo wa mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe," alisema. "Na nilikuwa naringa nao njia nzima."

Akalowesha tambara kwa tapentaini, akampa. "Panda ufute."

Redio alikuwa ngazini, buluu ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, Sista alipotoka na kitabu cha Kobe mkononi. "Jamani, mbona mnafuta?"

Ikabidi aseme tena. Mara hii ilikuwa ngumu zaidi, maana Sista hakuwa baba yake.

Sista alikaa kwenye kopo la rangi lililofungwa, akakiweka kitabu magotini. "Nilikuwa naye jioni ile," alisema hatimaye. "Niliposikia maneno yale kanisani, nilidhani uliingia nilipotoka kuchota maji. Padre aliniuliza, 'Redio amekuja?' Nikamwambia bado. Akacheka kidogo, akasema, 'Usifunge mlango.' Kisha akalala, hakuamka tena."

Redio alishuka kwenye ngazi, akalia bila kujificha. Padre alimsubiri, naye alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, anaruka kamba.

"Sikwambii ili nikuumize," Sista alisema. "Nakwambia kwa sababu ni kweli, na kweli hata ikiuma mtu anaweza kuisimamia. Ulione tu ulilofanya. Ulimlisha Padre maneno yasiyo yake, mtoto mwingine akayaamini, akaacha shule. Sasa futa machozi uende gereji. Mimi siwezi kukuendea."

Gerejini ilionekana miguu tu ya Kobe, ikitokeza chini ya lori. Redio aliiambia ile miguu kila kitu. Spana iliyokuwa ikigongagonga ikanyamaza.

"Kwa hiyo hukumwona?" sauti iliuliza kutoka chini.

"Sikumwona."

"Hakusema amemaliza?"

"Hakusema. Nisamehe, Kobe."

"Wiki mbili nzima nimemkasirikia mtu aliyekufa," Kobe alisema. "Nilikataa hata kumwombea. Ondoka, Redio."

"Sista amesema kitabu chako kipo, na atakufundisha yeye kila..."

"Nimesema ondoka."

Aliondoka. Usiku ule aliacha chakula, na mama, aliyekwisha kuelezwa, hakumbembeleza.

Jumapili, kabla ya baraka ya mwisho, Sista alimwita Redio mbele. Mtoto aliyezoea kumwaga maneno kama maji siku hiyo aliyatafuta moja moja. Aliwaambia watu kwamba maneno waliyoyalilia si ya Padre, kwamba hakwenda kumwona, na kwamba aliona haya kusema hivyo. Mama mmoja alifyonya kwa sauti. Katekista aliinamisha kichwa. Hakuna aliyempigia makofi aliporudi kwenye benchi.

Njiani kurudi nyumbani baba alimshika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu Redio awe darasa la pili.

"Rangi umeitoa ukutani kwa tambara," alimwambia. "Maneno hayatoki hivyo, mwanangu. Wapo waliokuwa hawapo kanisani leo. Itabidi uyafuate kwa miguu yako, nyumba kwa nyumba, na wengine watakufungia mlango. Siku nyingine ukikosea, sema umekosea siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo. Ungesema alfajiri ile, mama yako angekugombeza, basi, yakaisha."

"Ndiyo, baba."

Jumatatu baada ya masomo, Redio alikuwa akifagia darasa Kobe alipoingia, ovaroli lake limejaa grisi. Hakumsalimia. Alipokea kitabu kwa Sista, akakaa dawati la mbele, akapitisha kidole chini ya mstari. Kwenye neno refu alikwama. Redio akafungua mdomo amsaidie, kisha akaufunga.

Kobe alijaribu, akakwama, akajaribu tena, mpaka neno likatoka lote. Ndipo akageuka, uso wake ukiwa bado mgumu.

"Kaa hapa," alisema. "Nikikosea uniambie. Lakini usinidanganye kwamba nimepatia."

"Sitakudanganya," Redio alijibu.

Akaweka ufagio chini, akakaa. Kwenye sentensi iliyofuata Kobe alikosea, na Redio akamwambia.