Supu ya Walaji Watatu

Jambo hili lilimpata dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yule anayechapa barua na vyeti vya watu kwenye duka la steshenari. Mwanzo wake nilisimuliwa. Mwisho wake niliuona kwa macho yangu.

Mama mkubwa alipofariki, baba mkubwa aliacha kula. Hakutangaza kugoma. Kijiko kilifika mdomoni, kikarudi. Mashavu yakaingia ndani, suruali ikawa inashikiliwa na mkanda tu. Daktari alimwambia dada waziwazi, "Asipokula, sisi hatuna dawa ya hilo." Kitu pekee ambacho mzee alikuwa akikiulizia ni supu ya kuku ya marehemu mkewe.

Dada akaipika. Mzee akaonja.

"Mwanangu, hii ni supu au maji uliyomwoshea kuku?"

Walicheka wote wawili, kisha dada akaenda kulia bafuni.

Ndipo alipoweka programu ya mapishi kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Unaandika viungo, hatua na idadi ya walaji. Yenyewe inakupangia vizuri, nawe unachapa karatasi ya kubandika jikoni. Aliingiza kila alichokumbuka kumwona mama yake akifanya. Akapika, akarekebisha, akachapa upya. Milango ya kabati ikajaa karatasi. Mzee aliendelea kurudisha kijiko.

Mchana mmoja karatasi ilitoka na mstari ambao dada hakuuandika: *Vitunguu viungue kidogo pembeni, ndivyo anavyopenda.* Kwenye skrini haukuwepo. Akajiambia ni uchovu. Hata hivyo, akaviunguza vitunguu.

Mzee alimaliza bakuli, akaomba jingine.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Dada alichapa tena kesho yake, na keshokutwa. Kila mara palikuwa na neno jipya. *Punguza moto, una haraka kama baba yako.* Siku nyingine: *Usionje. Nitaonja mimi.*

Mzee akapata nguvu, akawa anatembea hadi mlangoni. Akaanza pia kuzungumza peke yake mezani, akinyamaza kidogo katikati, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Dada alisikia, akajifanya hajasikia. Baba alikuwa anakula.

Kisha siku moja dada akaandika walaji wawili, karatasi ikatoka na watatu. Akafuta, akaandika upya. Watatu.

Alinipigia simu akinong'ona. "Mdogo wangu, njoo haraka. Kuna mtu anakoroga sufuria."

"Si ni wewe?"

"Mimi niko sebuleni."

Nilikimbia. Nilimkuta amejibanza ukutani, baba mkubwa amelala chumbani. Tuliingia jikoni tumeshikana mikono. Hapakuwa na mtu. Mwiko ulikuwa unamalizia mzunguko ndani ya sufuria. Ukasimama.

Nyuma yetu, sebuleni, printa ikanguruma.

Walaji: mmoja. Hatua nayo ilikuwa moja tu: *Mlishe leo ashibe. Kesho atakula kwangu.*

Dada aling'oa waya ukutani. Akabandua karatasi zote, akazichana. Akamwaga supu kwenye sinki. "Mama, tafadhali! Nimebaki na yeye tu!" Kisha akapika uji wa kawaida, bila karatasi yoyote, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, kijiko kimoja tu. Kwa ajili yangu."

Kijiko kilifika mdomoni. Kikarudi.

"Nimeshiba, mwanangu," alisema mzee kwa upole, akitazama juu ya bega la dada. "Mpishe mama yako akae. Amesimama tangu asubuhi."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Kati yangu na dada hapakuwa na mtu. Lakini dada alisogea. Mpaka leo hajaniambia kwa nini.

Hatukuondoka pale. Dada hakuuachia mkono wa baba yake, akimsemesha, akimbembeleza, akimwahidi kila kitu. Kulipopambazuka, mkono ule ulikuwa baridi.

Majirani walipomchukua mzee, tulibaki kutandua kitanda. Upande wa pili, ukutani, ambako hakuna aliyelala tangu msiba wa kwanza, mto ulikuwa umebonyea katikati.

Dada aliweka kiganja chake pale. Akakiondoa upesi.

Nami nikaweka changu.

Ulikuwa na joto.