Kisanduku cha "Nani Ameona?"

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mounira alifungua kibanda cha baba yake karibu na soko la Kasongo. Alipangusa vumbi kwenye paneli ya jua, akachomeka simu za wateja zilizokwisha chaji, kisha akawasha kompyuta. Kabla ya msimu huu wa mvua, kazi hiyo ilimfurahisha sana. Siku hizi mikono ilijiendea yenyewe, na yeye alikuwa kama anamtazama msichana mwingine akifanya kazi.

Baba yake, Mzee Ramazani, alikuwa fundi wa kuchaji simu, lakini watu walimjua zaidi kwa Baraza la Njia. Hilo lilikuwa baraza la mtandaoni, ukurasa ambao watu wa Kasongo, Wamaza na Salamabila walipeana habari: wapi pana matope, daraja lipi limevunjika, nani amejifungua, nani amefariki. Mzee Ramazani alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja. Chini ya kila ujumbe aliweka kisanduku chenye swali: "Nani ameona?" Mwandishi alilazimika kutaja jina la mtu aliyeliona jambo hilo kwa macho yake. Kisanduku kikiwa kitupu, ujumbe haukupita, hata kama mwandishi alikuwa tajiri wa dhahabu.

Alikuwa na sababu. Sisi watu wa njia hii tunapenda habari kupita kiasi. Mtu akivua samaki mdogo asubuhi, ikifika jioni samaki huyo amekwisha kula mtu.

Kisha homa ikamchukua Mzee Ramazani, haraka, kabla watu hawajamaliza kuulizana anaumwa nini. Saa ile mama yake Mounira, Mama Hawa, alikuwa ametoka kutafuta dawa. Mounira alibaki peke yake kando ya kitanda, ameshika kikombe cha maji ambacho baba hakukinywa. Hakulia hospitalini. Hakulia matangani. Wanawake walimsifu kwamba ana moyo wa kuvumilia, naye alijua kuwa hakuna uvumilivu wowote hapo. Ndani kulikuwa kumekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Jambo la ajabu ni kwamba kifo hicho hakikuwahi kutangazwa kwenye baraza. Watu wa mjini waliolibeba jeneza waliona ni kazi ya familia. Watu wa Wamaza na Salamabila, hata waliosikia fununu, hawakuweza kuandika, kwa maana hawakuona kwa macho. Mama Hawa alikuwa ndani, anakaa eda, na alisema jambo moja tu kwa sauti ndogo: "Mounira, wewe njo ulikuwa pale." Yaani ni yeye tu aliyeona, na ni yeye wa kuandika.

Basi kila asubuhi ujumbe ulikuja. "Mzee Ramazani, jambo sana. Uko kimya, uko mu safari?" Mounira aliusoma, akaupita, akafunga kibanda, akaenda shule.

Mwezi ulipokaribia kwisha, kampuni iliyokuwa ikiwauzia programu ya kuendeshea baraza ilileta ilani: mwaka wa malipo unamalizika. Mwalimu Hippolyte, aliyefundisha kompyuta kwenye shule ya Mounira na aliyekuwa rafiki wa marehemu, alialikwa nyumbani. Baba mdogo Abedi, muuza vitenge, naye alikuja, na kama kawaida yake alianza kusema kabla hajakaa.

"Mwalimu, mimi nilisikia kama programu ya bule iko. Sasa tulipe juu ya nini?"

"Ya bule iko, na ni nzuri," alisema Mwalimu Hippolyte. "Ile ya kulipa, kampuni inafanya kila kitu. Inatunza nakala za ujumbe, inarekebisha kinachoharibika, na ukiwa na shida, mutu iko wa kukujibu. Hii ya bule ilitengenezwa na watu waliojitolea. Hakuna anayekudai, unaweza kuigeuza unavyotaka. Nafasi ya kuiweka mtandaoni, nitaiomba kwa rafiki yangu wa Kindu. Lakini kazi yote ya mulinzi wa baraza, kusoma na kutunza ujumbe, inabaki kwenu."

"Mulinzi tuko naye," Abedi alisema, akimwonyesha Mounira kwa kidevu. "Huyu mutoto anajua kompyuta kuliko sisi wote. Mimi hata simu yangu inanicheka."

Mama Hawa alimgeukia binti yake. "Mounira, utaweza?"

"Nitaweza," alijibu Mounira. Angejibu hivyohivyo hata kama angeulizwa kama ataweza kuubeba msikiti.

Jumamosi ile Mwalimu na Mounira walihamisha baraza. Ujumbe wote wa zamani ulihamia salama. Kilichobaki ni kimoja: programu mpya haikuwa na kile kisanduku. Kwenye programu ya kulipia, kampuni ilikiweka kwa ombi la Mzee Ramazani. Huku walipaswa kukitengeneza wenyewe. Mwalimu alimwonyesha Mounira hatua zake, si nyingi wala si ngumu.

"Fanya wewe," alimwambia, "ujifunze. Ukimaliza, kijaribu. Andika habari moja uliyoiona kwa macho yako, uone kama inapita."

Jumapili Mounira alikaa mbele ya kompyuta. Alianza hatua ya kwanza, vidole vikasimama. Habari moja uliyoiona kwa macho yako. Alijaribu kufikiria nyingine yoyote: mbuzi wa jirani, mvua ya juzi, bei ya chumvi. Zote zilikuwa habari, lakini zilikaa nyuma ya ile moja, na ile moja ilikaa mlangoni. Akafunga kompyuta.

Jumatatu shuleni Mwalimu alimuuliza, "Kisanduku umekiweka?"

"Nimekiweka, Mwalimu."

"Umekijaribu?"

"Ndiyo."

Ulikuwa uongo mtupu, na ulitoka kwa urahisi uliomshangaza hata yeye. Alingoja aone haya. Haya haikuja. Alijiambia atakiweka kesho, na kesho ikawa kesho nyingine, na ujumbe ukawa unapita barazani bila kuulizwa kitu.

Wakati huo mvua kubwa ilikuwa imeangusha daraja la magogo kati ya Wamaza na Kasongo. Waendesha pikipiki walizunguka kwa njia ya juu, ndefu na ya milima, huku wakingoja daraja litengenezwe. Asubuhi moja mfanyabiashara fulani wa Salamabila akaandika kwa furaha: "Daraja ya magogo imetengenezwa, mupite bila woga!" Yeye mwenyewe hakuwa amelisogelea. Aliambiwa na mwenzake, aliyeambiwa na muuza sabuni. Mounira aliuona ujumbe huo alipowasha kompyuta. Aliuona kama mtu anavyoona maandishi ya tangazo ukutani, kisha akaenda shule.

Siku ya pili, alasiri, kibanda kilikuwa na watu. Baba mdogo Abedi alikuwa amekuja kuchaji simu, na Mwalimu Hippolyte alipitia kumjulia hali Mounira. Pikipiki ikasimama nje. Mwendeshaji wake, Salomon, motari anayejulikana njia nzima, aliingia akiwa na matope hadi shingoni. Nyuma yake alikuwa mwanamke aliyefunga kitenge chenye matope vilevile. Salomon alimtaja: Mama Emilienne, mkulima wa Wamaza.

"Jana nilibeba huyu mama na mutoto wake Christophe," alisema Salomon. Hakupayuka, na hilo lilitisha zaidi. "Mutoto iko na homa kali. Nilisoma kwenye baraza kama daraja imetengenezwa. Nilipita njia ya chini. Tulipofika, daraja haiko. Maji tu. Tulirudi nyuma mpaka njia ya juu, mutoto akashikwa na degedege mu mikono ya mama yake, mu mvua. Tulifika hospitali usiku."

"Na mtoto?" Mwalimu aliuliza haraka.

"Sasa iko anapumua muzuri. Amelala, bibi yake iko naye. Daktari anasema tungechelewa kidogo tena..."

Mwalimu alishika kichwa. "Haiwezekani. Kisanduku kingeuzuia ujumbe ule. Basi ni hii programu, imeharibika. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeisifu."

"Si nilisema?" Abedi alidakia, ingawa alikuwa amesema kinyume chake kabisa. "Kitu cha bule! Tufunge hii baraza, tusiue watoto wa watu."

Mounira alisimama nyuma ya meza. Njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele yake. Programu haina mdomo, haiwezi kujitetea. Angenyamaza tu, baraza la baba lingefungwa, na hakuna ambaye angemuuliza kitu tena.

Ndipo Mama Emilienne alipozungumza kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuona Mzee Ramazani. Baraza yake haijawahi kutudanganya. Nataka anieleze yeye mwenyewe. Mzee iko wapi?"

Salomon, ambaye aliishi zaidi barabarani kuliko mjini, aligeuka naye akingoja jibu. Abedi alitazama viatu vyake. Mwalimu akamtazama Mounira.

"Baba amekufa," alisema Mounira.

Mama Emilienne alimkodolea macho. Labda ni mazoea ya miaka mingi ya baraza lile, labda ni kutoamini, swali likamtoka: "Nani aliona?"

"Mimi. Mama alikuwa ametoka. Mimi njo nilikuwa pale." Mounira alisikia sauti yake mwenyewe ikiendelea. "Na programu haikuharibika, Mwalimu. Kisanduku sikukiweka. Nilikudanganya. Ulisema nikijaribu kwa habari niliyoiona, na mimi niko na habari moja tu. Ule ujumbe wa daraja niliuona pia. Sikuuliza nani ameona. Mama, nisamehe. Kosa ni langu."

Kisha Mama Emilienne alizunguka meza na matope yake yote, akamshika Mounira mabegani.

"Mutoto wangu angekufa, ningekuchukia," alisema waziwazi. "Iko muzima, kwa hiyo nakusamehe. Pole ya baba. Pole sana. Alikuwa anajibu kila ujumbe wangu."

Mwalimu Hippolyte alivuta kigoda akakaa. Alikuwa na hasira, ilionekana, lakini aliimeza kwanza.

"Mounira, sikiliza, na wewe Abedi usikilize. Ya kulipa na ya bule, zote mbili zinadai. Moja inadai pesa, na kwa pesa hiyo mutu mwingine anakuwa macho kwa ajili yako. Ya bule inadai wewe mwenyewe uwe macho. Tulipochagua, tulihesabu programu, hatukuhesabu mutu. Tulimpa mutoto aliyefiwa kazi ya baba yake, tukaenda zetu. Hilo ni kosa letu, watu wakubwa. Lakini kosa lako ni lile neno 'nimekiweka.' Ungesema 'Mwalimu, siwezi,' ningekuja saa ileile. Asiyeweza kazi anasaidiwa. Anayesema amefanya na hajafanya, hakuna anayejua kwamba anahitaji musaada, mpaka mutoto ashikwe na degedege njiani."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Mounira.

"Sasa chagua tena, ukiwa macho. Tukirudi kwa kampuni, hakuna haya. Tutachanga, tutalipa."

Mounira alifikiri. "Tubaki na hii. Lakini si peke yangu."

"Asubuhi nitasoma mimi, kabla ya kuwasha pikipiki," alisema Salomon. "Madaraja nayajua kuliko mutu yeyote."

"Mimi nitatunza nakala, kila Ijumaa," alisema Mwalimu.

Wote wakamgeukia Abedi. Akakohoa. "Bon. Mimi nitaleta chai."

Mounira akakaa mbele ya kompyuta. Mwalimu alisimama nyuma yake bila kugusa kitu. Alifuata hatua zilezile, moja baada ya nyingine, na kisanduku kikatokea chini ya ukurasa, kikiwa kitupu. Kwanza aliufuta ule ujumbe wa daraja. Mahali pake akaandika kwamba daraja la magogo bado halipo, watu wapite njia ya juu, na kwenye kisanduku akaandika "Salomon, motari." Ujumbe ukapita.

Kisha akafungua ukurasa mwingine, akaandika polepole kwamba Mzee Ramazani, mwenye Baraza la Njia, alifariki katika hospitali ya Kasongo na kuzikwa mjini, na kwamba mke wake Hawa na binti yake wanaomba dua. Alijaribu kuutuma bila kujaza kisanduku. Programu ilikataa, ikamrudishia swali kwa herufi nyekundu.

Nani ameona?

Akaandika: "Mimi, Mounira, binti yake." Ujumbe ukapita.

Jibu la kwanza lilitoka Salamabila kabla chai ya Abedi haijafika, na jingine likafuata kutoka Wamaza. Mounira aliyasoma yote, safari hii bila kuyapita. Mguu uliokufa ganzi ukianza kuamka, unauma, na ndivyo alivyoanza kuumwa, kifuani, akiwa bado amekaa kwenye kiti cha baba. Chai ilipoletwa, Mama Emilienne akaondoa kikombe mbele yake ili aegemee meza, na Mounira akalia.