Bwawa la Dobi

Mama Pacha aliamshwa na sauti ya brashi nyuma ya nyumba. Kwaru, kwaru, kwaru. Akajua samaki wengine wamekufa.

Mumewe alikuwa dobi hadi mgongo ulipomkatalia kuinamia nguo. Sasa walifuga samaki katika mabwawa matatu ya saruji, lakini mtaa mzima bado ulimwita Dobi. Tabia nayo haikumtoka. Akiona samaki mmoja amekufa, huwavua wote kwa wavu, huwarundika kwenye mabeseni, husugua bwawa mpaka ling'ae, kisha huwarudisha. Baada ya siku chache hufa wengine, naye husugua tena. Masikini, alidhani anatibu.

Mabwawa mawili yalikuwa tayari matupu.

"Hili likiisha, naenda machimboni," Dobi alisema bila kuinua kichwa.

"Na watoto?"

"Watoto watakula usafi wangu?"

Mama Pacha hakucheka. Waliokwenda machimboni walionekana mara moja kwa mwaka, na wengine hawakuonekana tena. Alitoka mbio kwenda kumwita afisa samaki.

Afisa alikuja na buti zake za mpira. Aliinamia beseni. Samaki walihema juu ya maji, mapezi yao yana utando mweupe kama pamba.

"Hawa unawavua mara ngapi?"

"Kila wanapokufa. Mgonjwa si lazima aogeshwe?"

"Kaka yangu, samaki anaishi majini. Umuogeshe mara ngapi?"

Dobi aliweka brashi chini.

"Ukikimbizwa na mbwa inakuwaje?" afisa aliuliza.

"Moyo unataka kutoka."

"Mwili umemwaga homoni za mfadhaiko kwenye damu, upate nguvu za kukimbia. Samaki naye ni hivyohivyo. Nguvu zinakwenda kwenye kukimbia, na askari wa mwili wanaopigana na vijidudu wanadhoofika. Mbwa akiondoka, mwili unatulia. Lakini mbwa wa samaki hawa haondoki."

"Mbwa ni mimi," Dobi alisema.

"Ni wavu," afisa alisema kwa upole. "Tena mwili wa samaki hujitengenezea dawa ya kutuliza maumivu. Nayo huwagusa askari hao, mara huwaamsha, mara huwalaza. Hofu isipokwisha, ulinzi wote unavurugika. Vijidudu vilikuwemo majini tangu zamani. Sasa vimekuta mlango wazi."

"Basi tuwape dawa gani?" Mama Pacha aliuliza.

"Kwanza utulivu. Wamebanana mno, wagawe katika mabwawa mawili, mara hii tu. Lowesha mikono kabla ya kuwashika. Weka kivuli. Uchafu wa chini uvute kwa mpira wa maji, na maji ubadilishe kidogo kidogo. Aliyekufa mtoe polepole. Mimi nitapima, nijue kama dawa inahitajika."

"Wakiendelea kufa?"

"Wengine watakufa. Usisugue."

Afisa alipima, akasema wasubiri kwanza. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila asubuhi Dobi alitoa mizoga, akakaa ukingoni huku mikono inamwasha kwa hamu ya kusugua. Mama Pacha alificha brashi uvunguni mwa kitanda.

"Mvumilivu hula mbivu," alimwambia.

"Mbivu zenyewe zinaoza, mama. Huoni?"

Aliona. Usiku alilia kimya, pacha wasimsikie.

Kisha ikaja asubuhi ambayo hakukuwa na samaki aliyekufa. Na ya pili yake. Pamba ikapungua kwenye mapezi, ikaisha. Waliosalia hawakufika nusu, lakini walikula na kunenepa. Habari ya machimboni haikutajwa tena.

Afisa alipokuja kuwapongeza, Dobi hakufurahi. Afisa alipoondoka, Dobi alibaki amesimama kando ya bwawa.

"Wale wa mwanzo walikuwa wanaumwa kidogo tu," alisema. "Niliwaua mimi, kwa kuwahurumia."

Mama Pacha alimsogelea. Alichota chakula cha samaki, akakimimina katika viganja vya mumewe.

"Hawa hawajala," alisema.