Mgongo kwa Mgongo

Jua lilikuwa limeanza kuinama pale msusi alipowaambia kwamba yeye anatangulia. Alitaka kuwahi bwenini akawashikie vitanda kabla mahujaji wengine hawajajaa, maana mbingu zilikuwa zimeshaanza kununa tena. Kaka yake, seremala, alimkubalia kwa kichwa tu. Pumzi ya kusemea hakuwa nayo, kwa kuwa mama yao alikuwa mgongoni mwake.

Alikuwa amembeba tangu jana. Miguu mama alikuwa nayo, ila tangu ugonjwa ulipompitia ilikuwa imelala, ukiifinya haisemi kitu. Na kabla ya ugonjwa huo alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda kuhiji kwenye nyumba ya maombi kule kileleni, kwa njia ya miguu kama wanavyokwenda wote. Habari za gari hakutaka kuzisikia. Nadhiri haina matairi, alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Basi mwanawe akajifungia karakana, akatengeneza kiti cha kubebea. Mbao nyepesi, msumari hakuna hata mmoja, mikanda ya turubai ya kupitisha mabegani. Anayeketi humpa mbebaji mgongo. Mmoja anatazama mnakokwenda, mwingine anatazama mlikotoka.

Kwa hiyo kutwa nzima seremala hakuuona uso wa mama yake. Alimsikia tu, na kumsikia hakukuwa na shida, maana bibi yule alikuwa redio isiyozimwa. Alimtangazia kila kilichokuwa nyuma yao. Yule mnene amekaa chini tena. Wale mtu na mkewe wamenuniana, kila mmoja kashika ukingo wake wa njia. Akicheka, kiti kizima kilitikisika. Akikohoa, na kifua chake kilikuwa kibovu, kikohozi kilipita kwenye ubao na kugonga uti wa mgongo wa mwanawe.

Yalikuwa yale majira yasiyojua yanataka nini. Asubuhi jua la kuchoma utosi, adhuhuri manyunyu, kisha upepo wa baridi, kisha jua tena kana kwamba hapajatokea kitu. Watu walivaa makoti, wakayavua, wakayavaa, hadi wakakoma kulalamika.

Njia ile ilikuwa na desturi moja. Ukimwona mwenzio ameelemewa, unamwendea na kumwambia, "Nikupokee." Anakupa mzigo wake, unausogeza kidogo, kisha unamrudishia. Aliyepokea anapata thawabu, aliyepokewa anapata pumzi. Kukataa ni kumnyima mwenzio thawabu, na mahujaji hawanyimani.

Seremala aliwakataa wote. Wakamtania kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sasa mbona yeye hataki watu waonje usufi wake? Alicheka nao, akakataa. Mama akamsema njia nzima. Alimwita mchoyo, akamwambia anamgeuza mama kuwa mali ya mtu mmoja, tena mbele ya dada yake, na dada mtu akapigilia msumari. Seremala alijikaza kisabuni. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mama yule ndiye aliyekuwa naye duniani, na hakuweza kuvumilia kumwona kwenye mabega yasiyo yake.

Msusi alipopotea kwenye kona, upepo ukageuka. Dakika chache baadaye ikaanza mvua ya mawe.

Haikuwa na huruma. Ilipiga mawe, ilipiga kofia, ilipiga turubai alilomfunika nalo mama. Mahujaji waliokuwa karibu walikuwa wameshakimbilia mbele, na mtu mwenye mzigo wa aina ile hakimbii. Njia ilipita ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde. Pa kujikinga hapakuwapo. Bweni lilikuwa nyuma ya kilima kilichofuata, na seremala alijua vizuri kwamba kifua cha mama kikilala kwenye baridi ile, hakitaamka.

"Kuna mtu anakuja," mama akasema.

Seremala alishukuru. Hata kama hatampa mzigo, mtu ni mtu.

Wakaenda kidogo.

"Anakuja, lakini hakaribii."

"Basi amesimama, mama."

"Anatembea. Naona magoti yanavyopanda." Akakohoa. "Anatembea tu, baba. Ila hakaribii."

Mvua ya mawe ikakatika ghafla, na mahali pake ukapanda ukungu kutoka bondeni. Ulipanda bila haraka, ukala bonde, ukala ukingo wa njia, ukala njia yenyewe. Seremala akawa anaona viatu vyake na hatua mbili mbele yake, basi. Akasubiri redio yake imwambie nyuma kuna nini. Redio ilikuwa kimya.

Kisha, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuisikia kwake...

"Baba. Ongeza mwendo."

Akaongeza. Hapo ndipo alipokanyaga punje za barafu, mguu ukateleza, goti likageuka upande lisikotakiwa kugeuka. Alianguka kifudifudi ili mama asiumie. Alipojaribu kuinuka, goti likakataa. Akajaribu tena. Alitembea hatua tatu akiburuta mguu, jasho la maumivu likimtoka katika baridi ile, na mgongoni alikisikia kifua cha mama kikikwaruza na meno yake yakigongana.

Kwanza ilikuja harufu. Udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa leo.

Halafu sauti, karibu kabisa na sikio lake.

"Nikupokee."

Alikuwa mtu mrefu, kavaa koti la mvua lenye kofia, na ndani ya kofia ukungu ulimficha. Seremala alitazama chini. Mtu yule alikuwa pekupeku. Na katika tope lile lote, miguu yake ilikuwa safi.

Mama akanong'ona. "Usinitoe."

"Mama, si wewe uliyenisema kutwa nzima?"

"Usinitoe, baba'ngu. Nakuomba."

Ungefanya nini wewe? Goti lilikuwa limekwisha. Jua lilikuwa linakwisha. Kukaa pale ni kumwua, na mbele yake alisimama mtu mwenye miguu miwili mizima, akitumia neno lile lile walilotumia watu wema wote wa njia ile. Seremala aliona mama anapata woga wa homa. Aliona pia, na jambo hili lilimuuma kuliko yote baadaye, kwamba alikuwa amechoka.

Akafungua mikanda.

Mtu yule aliinua kiti kwa mkono mmoja, akakivaa na kuanza kwenda.

Ndipo kwa mara ya kwanza siku ile seremala alipouona uso wa mama yake. Alikuwa anamtazama yeye, mama akiwa mgongoni kwa mwingine, akipelekwa mbele huku akitazama nyuma. Macho yamemtoka. Midomo ilikuwa inakwenda, lakini sauti haikutoka. Alinyoosha mkono kama mtoto anayetaka kubebwa.

"Taratibu, ndugu," seremala aliomba. "Nisubiri."

Mtu yule hakuongeza mwendo. Hatua zake zilikuwa zile zile, za polepole. Hata hivyo kila seremala alipoburuta mguu, umbali ulizidi. Mkono wa mama ukawa kivuli, kivuli kikawa doa, na ukungu ukafunga.

Akaita. Akaitikiwa mbele yake. Akaita tena, akaitikiwa upande wa bonde. Akapiga kelele hadi koo likawaka, na safari hii sauti ya mama ilitoka nyuma, mbali, kule walikokwisha kupita.

Kisha kukawa kimya.

Hakujua alitambaa kwa muda gani. Anachojua ni kwamba ukungu ulipasuka mara moja, jua la jioni likamwagika njiani likiwa zuri kupita kiasi, na mbele yake, juu ya jiwe bapa, kiti kilikuwa kimetuliwa vizuri. Mama ameketi. Shuka lake lilikuwa kavu. Njia ilikuwa imelowa, jiwe limelowa, shuka kavu.

"Umechelewa, mwanangu," alisema, akatabasamu.

Seremala alimkumbatia akalia bila aibu. Akamuuliza yule mtu yuko wapi. Mama akauliza mtu gani. Akambeba tena mgongoni, na goti, sijui kwa nini, lilikubali. Bweni lilionekana, taa zake zimeshawashwa. Ilipaswa kuwa furaha tupu.

Lakini mgongo una akili zake. Alikuwa amekwenda kitambo alipogundua kwamba hasikii kitu kwenye ubao. Hakuna mkwaruzo, hakuna kikohozi. Wala lile kupanda na kushuka kwa mtu anayevuta pumzi.

Akapunguza hatua.

"Mama. Nyuma kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Na wakati ule ule, kutoka nyuma, kutoka bondeni kwenye ukungu, mtu akakohoa. Alikijua kikohozi kile. Alikuwa amekibeba siku mbili.

Angeweza kumtua aliyekuwa mgongoni akarudi. Akimtua kwenye baridi, na ikiwa ndiye mama, atakuwa amemwua mama kwa sababu ya mwangwi. Akiendelea, na ikiwa mama ni yule wa bondeni... Alisimama katikati ya njia.

"Twende," kilisema kilichokuwa mgongoni, kwa upole.

Akaenda.

Bwenini palilipuka shangwe. Maana mama aliposhushwa mlangoni, aliweka mguu mmoja chini, kisha wa pili, akaingia ndani akitembea. Mahujaji walipiga magoti, wengine wakaimba. Msusi alimshika mama miguu akalia kwa kwikwi hadi watu wakamwinua. Na seremala wakampigapiga mgongoni, wakamwita mwana aliyebarikiwa.

Alimvuta dada yake pembeni, akamweleza. Kila kitu, bila kuruka. Msusi alimsikiliza akimwekea mkono kwenye paji la uso, akasema ana homa, na kwamba ukungu wa milimani huwachezea watu masikio. Alisema kwa upendo. Seremala akaomba taa na watu wawili wa kurudi nao. Walinzi wa njia wakamjibu kwamba njia imefungwa hadi asubuhi, mvua nyingine inakuja, na kwa goti lile hafiki hata kona ya kwanza. Alijaribu kutoka peke yake. Wakamrudisha wakiwa wamemshika mikono, kwa heshima, kama wanavyomrudisha mlevi wa harusini.

Mpishi wa bweni, mama mmoja mkavu asiye na maneno mengi, ndiye aliyemletea chai. Aliinama kana kwamba anaweka kikombe.

"Alikuwa pekupeku?"

Seremala hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za miguu, isipokuwa dada yake. Akaitika.

"Na mama yako, alikubali kupokewa?"

"Alikataa. Aliniomba."

Mpishi akafunga macho kidogo. "Wanaokubali hurudi wao wenyewe," alisema, akaondoka na sinia lake. Seremala alimfuata hadi jikoni. Alipozidi kumwuliza, mpishi alianza kulia, kwa hiyo akamwacha.

Chumba walichopewa kilikuwa na vitanda vitatu na dirisha la kuelekea bondeni. Msusi alikuwa ameleta beseni la maji ya moto, ameketi sakafuni, anamwosha mama miguu. Alikuwa anaisugua vidole kimoja kimoja, na kila kidole kilipokunjuka, alicheka na kufuta machozi kwa kiwiko. Mama alikaa kimya kitandani, mikono mapajani, akitazama mbele. Seremala alikaa kwenye kiti mlangoni. Hakuweza kukaa karibu zaidi, wala hakuweza kutoka.

Nje giza lilikuwa linaingia. Ukungu ulikuwa umepanda hadi chini ya dirisha.

Na sauti ikaja.

Ilikuwa dhaifu, imekatika kwa baridi, lakini haikuwa mwangwi wala upepo. Ilikuwa ya mama, na safari hii haikumwita yeye. Ilimwita msusi kwa jina lake, mara mbili, kama mtu anavyomwita bintiye aje amsaidie kuinuka.

Mikono ya msusi ikasimama ndani ya maji.

Seremala aliiona ikisimama. Aliona shingo yake ikikakamaa, na moyo wake mwenyewe ukaruka kwa furaha ya ajabu, maana hatimaye hakuwa peke yake. Amesikia. Sasa watakwenda wawili, nani atawazuia wawili?

Msusi akainua uso, akamtazama kaka yake. Akaitazama miguu iliyokuwa katika beseni, hai, myekundu kwa maji ya moto kwenye visigino. Kule bondeni jina lake likaitwa mara ya tatu.

Akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda dirishani akalifunga. Akashusha na komeo.

"Baridi inaingia," alisema, bila kumtazama mtu.

Akarudi kuketi sakafuni, akaendelea kuosha. Na seremala, aliyekuwa na miguu ya kusimama na mikono ya kufungua komeo, hakuinuka. Mungu amsamehe, alishukuru kwamba hakulifunga yeye.