Ute Kwenye Piano ya Bi Zaitun

Vibao vya piano ya Bi Zaitun vilikuwa vimelowa, na hayakuwa maji. Armelle alinusa vidole vyake akakunja uso. Vilinuka utumbo wa migebuka, samaki wa ziwani, ulioachwa juani tangu juzi. Akavifuta vibao kwa pindo la kitenge, akaketi kufanya mazoezi, maana angeenda wapi? Piano nyingine Ujiji nzima hakuijua.

Hiyo yenyewe aliinunua marehemu mume wa Bi Zaitun kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akihama. Akaiweka sebuleni, chumba kilekile ambamo zamani mama wa mume huyo alikuwa akipungia watu mashetani. Ngoma zilitolewa, piano ikaingia. Bi Zaitun hakuwahi kuipiga. Aliitandikia kitambaa cha kufuma na kuipambia maua ya plastiki.

Miaka ile Warundi walikuwa wakimiminika Kagunga, kijiji cha mpakani, na kupelekwa kambini. Armelle alikuwa mmoja wao, yeye na bintiye Aurore wa miaka sita. Kwao Bujumbura alikuwa amesomea piano. Mwalimu Anatoli, aliyetafuta mtu wa kufundisha muziki katika shule yake, akamwombea kibali cha muda akajiandae mjini kwa Bi Zaitun, na hakumficha kitu: akipiga vizuri atapata kazi, chumba, na ruhusa ya kumtoa mtoto. Akiharibu, anarudi hemani. Aurore alibaki kambini kwa jirani akiharisha, na kila lori lililofika mjini lilileta habari mbaya zaidi.

Alitakiwa kupiga preludi sita za kisasa, vipande vifupi mno, vingine vinakwisha kabla chai haijapoa.

"Usiongeze noti hata moja," Anatoli alimwonya. "Watunzi wa siku hizi wanakata wanapotaka wao. Ya tano inakatika katikati ya wimbo. Hapo hapo inua mikono. Ukimya nao unapigwa."

Ya tano ndiyo iliyoleta balaa. Mkono wa kushoto unarudia mapigo mazito yaleyale, wa kulia unaanzisha wimbo, unapanda, kisha kimya. Kila Armelle alipoinua mikono, kitu ndani ya piano kilimeza mate. Alikisikia vizuri. Asubuhi ya siku ya mtihani vibao vililainika chini ya vidole vyake, vikabonyea kama ufizi. Katikati ya viwili aliona unywele mweupe. Akauvuta, ukaja, akauvuta tena, ukazidi kuja, na mwisho wake ukatoka na kipande cha nyama.

"Bibi! Mana yanje, Mungu wangu, njoo uone!"

Bi Zaitun alikuja ameziba pua kwa kanga. Akamwambia apige tena alichokuwa akipiga. Aliposikia mkono wa kushoto, akamshika bega.

"Basi, mwanangu, basi," alinong'ona. "Mapigo hayo nayajua. Mama mkwe wangu aliyapigisha hapa hapa."

Akatuma aitwe Mzee Chande, aliyekuwa mpiga ngoma wa mama mkwe huyo. Alifika baada ya adhuhuri na chetezo cha ubani, akasimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Shikamoo, Mzee," alisema Armelle.

"Marahaba. Nani kakufundisha kumwita mtu kisha ukamnyamazia?" Alisema kwa sauti ya chini sana. "Jini hupandishwa kwa ngoma yake, nayo hupigwa mpaka aseme anachotaka, apewe, ateremke. Wewe unamwinua mpaka shingoni, unaondoa mikono! Kila siku! Amekwama humo, anaoza."

"Nifanye nini?"

"Ukifika pale unapokatia, usikate. Endelea mpaka nikwambie basi, mimi nitaongea naye. Ukimkata tena leo, hatakaa kwenye mbao. Atatafuta kiti cha nyama, mtu wa kumkalia."

Nje gari lilipiga honi. Mwalimu Anatoli alikuwa amefika.

Akaingia akinusanusa, akauliza kama kuna samaki, akaketi na karatasi za muziki magotini, penseli mkononi. Preludi nne za kwanza zilikwenda salama. Armelle alipoanza ya tano uvundo ulimpanda puani, ute wa uvuguvugu ukachuruzika kati ya vibao ukamfika viganjani, ukamwingia kwenye kucha, na mkono wa kushoto ukawa unajipiga wenyewe huku kitu kinene, chenye maji maji, kikijisukuma kutoka chini ya kifuniko kama ulimi wa ng'ombe, kikimpapasa kidevu, na mlangoni Mzee Chande akimpungia, endelea, mwanangu, endelea, lakini penseli ya Anatoli, asiyeinua macho kwenye karatasi, ilikuwa imefika kwenye noti ya mwisho na inangoja, na Armelle akamwona Aurore chini ya turubai, midomo imekauka, hana mama.

Akainua mikono.

Kimya. Mzee Chande aliinamisha kichwa. Kitu cha uvuguvugu kikateleza juu ya midomo ya Armelle, naye, kwa kinyaa na hofu, akameza.

Ya sita aliipiga kwenye vibao vikavu.

"Ukimya ule!" Anatoli alisema, machozi yakimlengalenga. "Sijawahi kuusikia ukipigwa vile. Kazi ni yako, dada."

Mzee Chande alibeba chetezo chake akaondoka bila kuaga. Bi Zaitun akainamia piano, akanusa huku na huku. Safi kabisa, hata harufu ya ubao ilikuwa imerudi.

"Alhamdulillahi," alisema. "Ameondoka."

Jumamosi lori la kambini lilimshusha Aurore mbele ya nyumba. Alikuwa amekonda, lakini alikimbia, mikono wazi, anacheka. Armelle alichuchumaa, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akafungua kinywa amwite jina.

Mtoto akaacha kucheka. Akamsukuma kifua kwa mikono miwili, akageuza uso, akatapika uji wote miguuni pao. Kwenye nywele za mtoto ulikuwa unaning'inia uzi mrefu wa ute.

Armelle alitaka kumwambia asiogope. Kilichotoka kooni kilikuwa wimbo, ukiendelea kuanzia pale ulipokatwa.

Aurore alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa gurudumu, akashika suruali ya dereva.

"Huyu si mama," alisema. "Nirudishe kambini."